Sahani Zibaki Kabatini

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha pili hapa Moshi, na Jiografia wanasoma kwa Kiingereza. Juzi nilimwomba anieleze kwa Kiswahili kwa nini ardhi hutikisika. Akachukua simu, akatafuta, akanisomea: "Sahani za tektoniki zinagongana na kusababisha mtetemeko wa ardhi." Nikamwambia inasemwa tetemeko, siyo mtetemeko. Amekataa katakata. Nani kati yetu yuko sahihi? (Mama mzazi, Majengo, Moshi)

JIBU: Marahaba, mama. Mko sahihi wote wawili. Kitenzi ni kutetemeka. Tukitaka kutaja tukio, lile linalohesabika na kuandikiwa tarehe, tunasema tetemeko, na yakiwa mengi, matetemeko. Tukitaka kutaja ule mtikisiko wenyewe unaousikia miguuni, tunasema mtetemeko, kama tunavyosema mtetemeko wa mgonjwa wa malaria. Ni tofauti ileile ya pigo na mpigo. Mimi naandika tetemeko la ardhi, lakini anayeandika mtetemeko simfuti. Watu wa pwani wana na zilizala yao kutoka Kiarabu, neno zuri ambalo bara hatukulipokea. Ugomvi wenu umekwisha.

Lakini mama, umeshtuka kwa mtetemeko, ukaacha sahani zipite!

Neno hilo nimelikuta kwenye habari za mtandaoni, kwenye maelezo ya video, hata kwenye kipeperushi cha watalii kilichowekwa mezani katika hoteli moja hapa Arusha: "Mlima Meru uliumbwa na sahani za dunia." Nilikirudisha mezani na chai yangu sikuimaliza.

Najua lilivyotufikia. Kiingereza kina neno moja, "plate", linalobeba chombo cha kulia, kibao cha namba ya gari na pande kubwa la mwamba. Mashine ya kutafsiri ikikutana nalo hukimbilia jikoni. Mashine sina ugomvi nayo, haijawahi kula. Ninaowalaumu ni watu wenye macho na ulimi waliosoma "sahani za tektoniki", wakaona sawa, wakabandika. Trafiki akikusimamisha pale Kwa Mrombo hakuulizi sahani ya gari iko wapi; anauliza kibao cha namba, au pleti namba kama wengi tunavyosema. Kijana aliyevunjika mguu kwa bodaboda akirudi kutoka hospitali, mama yake haelezi majirani kwamba mwanangu kawekewa sahani. Anasema kawekewa chuma. Msemaji wa Kiswahili anajua kabisa kwamba jina moja la Kiingereza halileti kitu kimoja. Anasahau pale tu anaposhika kalamu kuandika sayansi.

Tena sahani lenyewe ni neno la Kiarabu, sahn. Waarabu, wenye mali, walipotaka jina la mapande haya ya dunia hawakugusa sahn. Walichukua safiha, yaani kipande cha bati au chuma kilichofuliwa bapa. Wafaransa nao hawakwenda mezani. Walichukua neno lao la kibao na bamba. Ni sisi tu tuliopanga vyombo.

Hebu tuitazame sahani kwa haki. Ina ukingo na ina tumbo. Imetengenezwa ili ibebe kitu. Mtoto wa Moshi akisikia sahani anaona machalari. Ukipanga sahani sita mezani, kati ya moja na nyingine unaona kitambaa. Kila moja iko peke yake. Ukizitia kwenye karai la kuoshea vyombo zinaelea, kisha zinajaa maji na kuzama. Na hiyo ndiyo picha waliyoibeba vichwani watoto wengi niliozungumza nao: mabara yaliyokaa kama vyombo, yakielea juu ya mchuzi wa lava. Sahani mbili zikigongana, moja inavunjika na mtu anaulizwa nani kaivunja. Hakuna sahani iliyowahi kupinda ukingo wake ikajipenyeza polepole chini ya mwenzake. Ila mwamba wa dunia ndivyo unavyofanya, na umefanya hivyo kwa mamilioni ya miaka.

Sasa nenda kwa mafundi wa kuchomelea pale Unga Limited ukatazame bamba la chuma limelazwa chini. Ni pana, ni bapa, ni jembamba ukilinganisha na upana wake, ni gumu, lakini likisukumwa sana hupinda na kingo zake hupasuka. Fundi hulilaza ukingo kwa ukingo na jingine, au hulipitisha chini ya jingine. Kila unachotaka kumweleza mtoto kimo ndani ya neno hilo. Ganda gumu la dunia, pamoja na tabaka la juu la mwamba lililoshikamana nalo, lina unene wa takriban kilomita 100, wakati kutoka hapa tuliposimama hadi katikati kabisa ya dunia ni kilomita 6,371. Limegawanyika katika mapande makubwa 7 hivi na madogo kadhaa, na yamefunika dunia nzima bila kuacha nafasi, nchi kavu na chini ya bahari. Bamba la Pasifiki, kubwa kuliko yote, karibu lote liko chini ya maji. Na chini ya mabamba hakuna mchuzi. Kuna mwamba wenye joto kali ambao ni mgumu ukiupiga nyundo, ila kwa muda mrefu sana hutambaa, kama lami inavyojisukuma pembeni mwa barabara bila mtu kuiona ikienda.

Wataalamu wetu wengine wameunda neno gandunia, kwa kukata ganda na dunia na kuyaunga. Sikio langu halijalizoea na sidhani kama litalizoea. Lakini aliyeliunda alifanya kazi: alitazama kitu, akatafuta neno. Mtu akiandika mabamba ya gandunia nampigia makofi hata kama mimi mwenyewe nitaendelea kuandika mabamba ya dunia.

Ugonjwa wa sahani una ndugu yake. Nimesoma mahali kwamba Arusha iko karibu na "mistari ya makosa", yaani "fault lines" za Kiingereza. Ardhi imekosa nini, na imemkosea nani? Pale ambapo mwamba umekatika na pande mbili zikahama ni ufa, au mpasuko.

Wala sikatai tafsiri. Sakafu ya bahari, kwa mfano, nailinda kwa nguvu zote. Neno lenyewe lina safari ya ajabu, maana kwa Kiarabu saqf ni paa au dari. Sisi tukalishusha likawa chini ya miguu. Sakafu humwagwa, na chini ya bahari humwagwa kweli. Katikati ya Atlantiki, kutoka kaskazini hadi kusini, imepita safu ndefu ya milima iliyozama. Katika miaka ya 1950 Marie Tharp, mchoraji ramani wa Marekani, akiunganisha vipimo vya kina vilivyoletwa na meli, aliona kwamba juu ya kilele cha safu hiyo kuna bonde, ufa mrefu. Mwenzake wa kazi hakumwamini mwanzoni. Miaka michache baadaye mwanajiolojia Harry Hess akaeleza kinachotokea: ufa ukifunguka, uji wa moto, yaani mwamba ulioyeyuka, hupanda, ukaganda, ukawa sakafu mpya, na ya zamani ikasukumwa pembeni, sentimita 2 hadi 5 kwa mwaka katika bahari hiyo. Ndiyo maana karibu hakuna sakafu ya bahari kuu yenye zaidi ya miaka milioni 200, ilhali mawe ya Mwanza yamepita miaka bilioni 2.5. Sakafu ya zamani imekwenda wapi? Imezamia chini ya mabamba mengine, na inapozamia huacha mifereji yenye kina cha kutisha. Ule wa Mariana unakaribia mita 11,000.

Nimeshika kitenzi kuzamia kwa makusudi, maana hapa ndipo sentensi ya binti inaponisumbua kwa mara ya pili. "Zinagongana." Kiswahili kimetupa -ana, kiambishi ambacho wenzetu wengi hawana, na tunakitumia ovyo. Kugongana kunataka wawili wanaoelekeana, kama India na Asia, na matokeo yake ni milima ya Himalaya. Kusuguana ni kwa wanaopishana ubavu kwa ubavu, kama mabamba yanavyopishana huko California. Hunasa kama mlango wa mbao uliovimba masika, unausukuma, unausukuma, haufunguki, kisha unafunguka ghafla na wewe unaingia nao mpaka ukutani. Huo mfunguko wa ghafla ndio tetemeko. Kuzamia hakuna -ana kabisa, kwa sababu mmoja anakwenda chini na mwingine anabaki juu. Pale Sumatra, tarehe 26 Desemba 2004, bamba lililokuwa likizamia lilikuwa limeng'ang'ania la juu. Liliponyofoka tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 9.1, na mawimbi yake yalivuka bahari yote mpaka yakaua watu Dar es Salaam.

Na sisi huku? Sisi ni kuachana. Hakuna kinachogongana kati ya Moshi na Manyara. Upande wa magharibi kuna Bamba la Nubia, upande wa mashariki Bamba la Somalia, na yanaachana kwa milimita chache kila mwaka. Ardhi iliyo katikati inavutwa, inakuwa nyembamba, inapasuka, na vipande vyake vinadidimia. Mwamba wa moto ulio chini, ukipunguziwa uzito wa juu, hupanda na kuyeyuka. Ngorongoro, Meru, Kilimanjaro na Ol Doinyo Lengai vyote vimetokana na mvutano huo. Ndiyo maana nalipenda jina Bonde la Ufa kuliko majina yote ya Jiografia. Mwenye nyumba akiona ufa ukutani hajui tu kwamba ukuta umepasuka. Anajua nyumba inasogea. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Simama Mto wa Mbu utazame magharibi: ufa haukuzibwa, na ukuta umejijenga, mamia ya mita kwenda juu.

Volkano tunayo pia, mama, na maneno yake tunayo. Jina lenyewe limetoka kwa mungu wa moto wa Warumi, limekwisha kuwa letu, halina shida. Shida ni kwamba kwa waandishi wa habari kila volkano "hulipuka". Lengai hulipuka mara chache, kama 1966 na 2007. Miaka mingi hufoka tu, kama uji jikoni: lava nyeusi, nyepesi, ya nyuzi joto 500 hadi 600 hivi, yaani karibu nusu ya joto la lava za kawaida, na kwa siku chache tu inageuka nyeupe. Ni volkano pekee duniani inayofoka uji wa namna hiyo katika zama zetu. Mlima wa pekee namna hiyo unastahili kitenzi chake. Na ile "volkano mfu" ya vitabuni, wazee wa Kichaga walikwisha kuisema vizuri zaidi: Mawenzi, kilele kidogo cha Kilimanjaro, alizimikiwa moto, akaenda kwa Kibo, kilele kikubwa, kuomba kaa, Kibo akakasirika akampiga kwa mchi mpaka akabaki na mapengo. Mawenzi imezimika kweli, na mvua na barafu vimeichonga mapengo. Kibo bado inatoa mvuke na gesi kidogo kileleni. Volkano iliyozimika, basi. Kufa tuwaachie viumbe.

Niseme na la mwisho kuhusu sahani, kwa sababu kuna siku zilihusika. Tarehe 17 Julai 2007, jioni, nilikuwa nyumbani hapa Arusha. Siku kadhaa ardhi ilikuwa ikitikisika kidogokidogo. Jioni ile ikaja kubwa, ya 5.9, iliyosikika mpaka Nairobi, na kabati letu la vyombo likaanza kuimba. Mke wangu aliwatoa watoto nje. Mimi nikabaki nimeshikilia mlango wa kabati kama mjinga, sahani zinagongana ndani. Baadaye tulielewa kwamba chini ya mlima Gelai, jirani wa Lengai, uji wa moto ulikuwa umejipenyeza kwenye ufa na kuupanua bila kufika juu. Mwezi Septemba Lengai ikalipuka, na kwa mara moja kitenzi hicho kilistahili. Sahani mbili zilipata ufa, tukazitupa. Mabamba yako palepale, yanaachana.

Kwa hiyo binti afute, aandike upya: "Huku kwetu mabamba mawili ya dunia yanaachana. Ardhi iliyo katikati yake inavutwa, na ikipasuka ghafla tunapata tetemeko." Akishikilia mtetemeko, mama, mwachie.