Mkwe ataka majamvi, mawifi wataka mkorogo

Msomaji wa Igombe, Mwanza, ameandika: "Shangazi, shikamoo. Nina miaka 24, naanika na kuuza dagaa. Mahari yangu inaletwa mwezi ujao. Mama mkwe analalamika sijui kusuka hata jamvi, wakati wao waliolewa na majamvi waliyosuka wenyewe. Mawifi wamenipa kopo la mkorogo lisilo na nembo ili nikiagwa niwe nimeng'aa. Wiki ya tatu sasa napaka, uso unawasha. Mchumba yuko kimya. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na kopo, maana hilo halingoji. Leo usipake. Lifunge kwenye mfuko, nenda nalo kwa daktari wa ngozi, ulizia Bugando au Sekou Toure, umwoneshe bila kuficha. Uso ukivimba baada ya kuacha, usirudie kupaka ili utulie, mwambie daktari.

Mikorogo mingi ina haidrokwinoni, zebaki au steroidi. Haidrokwinoni huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, na rangi hiyo ndiyo kinga ya jua. Wewe kazi yako ni kugeuza dagaa kwenye chanja saa saba mchana! Zebaki hupenya ngozini ikaharibu figo, na mama akiwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Wanaokusubiri uwazalie wajukuu, hilo walilifikiria? Steroidi nazo huifanya ngozi nyembamba, kidonda kikachelewa kupona. Waangalie waliopaka miaka mingi: shavu jeupe lenye mishipa iliyojichora, vifundo vya vidole vyeusi ti. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, ndiyo maana hukuta jina la mtengenezaji.

Mama mkwe simlaumu sana. Amekua wakati jamvi ndilo godoro, ndilo kiti cha mgeni, na msichana asiyejua kukata mafunjo, kuyaanika na kuyafunga kwa kamba angelalia nini? Nawaheshimu wanawake wale, na nasikitika ujuzi wao unakosa wa kuupokea. Lakini binti anayeipokea mitumbwi alfajiri, akapatana bei ya ndoo, akaanika, akafunga magunia hadi Mwaloni Kirumba, asiambiwe hajui kazi. Ukipenda, mwombe akufundishe siku ambayo hukwenda mwaloni. Atafurahi. Usijifunze kwa hofu ya kurudishwa kwenu.

Kinachonikera ni ukimya wa mchumba. Tusidanganyane: Usukumani maneno ya binti mweupe kuozwa kwa ng'ombe wengi hayakuletwa na mkorogo, mkorogo umeyakuta. Basi huenda hata yeye anaona ni jambo la kawaida dada zake kukuchubua. Mwite mkae wawili, mchana, akutazame uso. Muulize rangi ipi ilimfanya atume washenga. Mwambie hupaki tena, na kwamba kuwaambia dada zake ni kazi yake yeye, si yako. Akikujibu uvumilie tu hadi harusi ipite, nenda kwa shangazi yako wa kuzaliwa wiki hiyohiyo, naye amwambie baba yako mahari isipokelewe kwanza. Ng'ombe wakishaingia zizini kwenu, kila atakayekusikiliza atakuwa anahesabu hasara ya kuwarudisha.

Ukitoka kwa daktari, niandikie alichosema.