Kina cha mvua kwanza, hesabu baadaye: ushauri kwa wanaotafuta cheti cha jengo la kijani

Hesabu ya maji ya mvua yanayotiririka kutoka kiwanjani ni ya kuzidisha tu, na kuzidisha hakumsumbui mtu. Kinachosumbua ni kina cha mvua unachoanzia. Katika miradi ya Dar es Salaam niliyoshiriki, mara nyingi nimeletewa wastani wa mvua wa mwaka, au kipimo cha siku ya mafuriko, ilhali LEED, cheti cha majengo ya kijani chenye asili ya Marekani, hakiulizi lolote kati ya hayo. Toleo lake la 4 hutaka kina ambacho asilimia 95 ya mvua za mahali hapo hazikizidi, hali toleo la 4.1 huanzia asilimia 80. Kwa hiyo jua kwanza mradi umesajiliwa kwa toleo lipi. Kisha omba Mamlaka ya Hali ya Hewa vipimo vya kila siku, vya miaka 30 vikipatikana, ondoa siku zenye milimita 2.5 au pungufu, uzipange zilizobaki kuanzia ndogo hadi kubwa, na uchukue kina kilichopo kwenye asilimia ya toleo lako.

Tuchukulie umepata milimita 40, na kiwanja kina paa la mita za mraba 1,200, lami na zege 1,800, na bustani 1,000. Kwa vizidishi (sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama) vya 0.95, 0.90 na 0.15, unapata mita za mraba 2,910 zinazomwaga maji, yaani mita za ujazo 116.4 za kuzuia. Mimi hukitilia shaka kizidishi cha bustani: 0.15 hufaa udongo wa kichanga uliolegea, si ule ulioshindiliwa na malori ya ujenzi miezi kadhaa.

Ukubwa wa mtaro wa kupitishia maji una hesabu yake, inayotegemea ukali wa mvua kwa saa. Mvua ya milimita 100 kwa saa ingetoa hapo takriban lita 81 kwa sekunde.

Ili kuyazuia maji hayo, wengi hukimbilia tangi moja kubwa la kuyabeba yote. Lakini masika mvua hufuatana, na tangi lililojaa tangu jana halizuii kitu leo. Jengo linalotumia mita za ujazo 10 kwa siku vyooni lingehitaji karibu siku 12 kulimaliza. Ndiyo maana mimi hupendelea tangi dogo, maji mengine yakiachwa yazame ardhini, ila maeneo kama Msasani, ambako maji ya chini ya ardhi yako karibu, shimo la majaribio la kupima kina cha maji hayo lichimbwe Aprili wakati wa masika, si Agosti.