Maswali ya Wasomaji: Tuiteteeje Redio ya Lugha Nyingi?

SWALI: Mdogo wangu yuko Melbourne, husikiliza Kiswahili kwenye SBS, shirika la utangazaji la umma la Australia lenye vipindi vya lugha nyingi. Sisi wa Ngamiani, Tanga, tunaweza kuomba ruzuku ya shirika hilo isipunguzwe? – Mama wa Ngamiani

JIBU: Mama, kazi kubwa ni ya mdogo wako. Ombi la mtandaoni kwa Baraza la Wawakilishi la Australia hutiwa saini na raia au wakazi wa huko tu. Lisizidi maneno 250. Hukaa wazi wiki 4. Lakini aanze na barua kwa mbunge wake na maseneta. Bajeti kwa kawaida husomwa Mei, kwa hiyo barua ya Aprili imechelewa. Ataje kipindi anachosikiliza na kitu gani atakikosa. Barua ya kunakili, ileile kwa watu mia, haina uzito.

Akiambiwa matangazo ya biashara yataziba pengo, asikubali kabisa. Sheria ya SBS ya 1991 inaruhusu dakika 5 tu kwa saa, na mwaka 2015 Seneti ilikataa kuruhusu 10. Ilifanya vyema! Mwenye tangazo la biashara hulipia wasikilizaji wengi, na lugha zenye wasikilizaji wachache ndizo huumia kwanza.