Mama apimwe TB kabla ya kuanza tofasitinibu

Pole dada kwa kuuguza. Umeuliza kama dawa ya tofasitinibu itamfaa mama mwenye baridi yabisi, kwa kuwa dawa yake ya methotreksati haimsaidii tena. Tofasitinibu huzuia protini za JAK, zinazopitisha ujumbe wa uvimbe ndani ya seli za kinga. Ujumbe ukikatwa, maumivu ya viungo hupungua. Lakini kinga nayo hushuka, na kifua kikuu kilichojificha mwilini kinaweza kuibuka, kwa hiyo apimwe TB na homa ya ini B kwanza. Akiwa amevuka miaka 65, au ana ugonjwa wa moyo, mwambieni daktari waziwazi. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu kiharusi, damu kuganda na saratani, ikataka dawa za kuzuia TNF, protini nyingine inayochochea uvimbe, zitangulie kujaribiwa. Ulizeni kama mama ameshazijaribu.