Kibuyu cha uwele

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku wazima wote isipokuwa goti langu, na hilo mmeshalizoea. Anayeandika ni mpwa wako, mimi nasema tu, kwa hiyo herufi zikiruka mlaumu yeye. Ndiye pia aliyenisomea meseji yako, mara tatu, maana simu ina herufi za sisimizi.

Umesema tangu mkataba wa kazi uishe umeomba, umefunga, umekesha, na kila unachokitazama kinakuambia hapana. Karakana ya mageti uliyofungua haipati wateja, kodi ya fremu inaisha mwezi ujao, na mkeo ameanza kunyamaza. Halafu ukauliza: "Mama, nitajuaje kama Mungu ananiambia nisubiri, au ananiambia nifunge nirudi nyumbani?"

Kwanza hilo la kunyamaza lisikutishe. Marehemu baba yako alininyamazia siku 18, na tukaishi pamoja miaka mingine mingi baada ya hapo.

Hadithi ya uwele mnaijua nyote. Ilisimuliwa kwenye kipaimara chako, ikasimuliwa dada yako alipoagwa, na mchungaji akaisimulia kwenye mazishi ya baba yako kana kwamba alikuwepo. Msimu wa 1996 kwenda 1997 mvua ilitutupa. Tulipanda mara tatu, jua likala mara tatu. Baba yako akawa anauza mbuzi mmoja mmoja, anakwenda kuhemea Kiteto, anarudi na gunia lisilofika nusu. Ilipofika Novemba 1997 zizini wamebaki mbuzi wawili, na ndani kibuyu kimoja cha mbegu, mdomo wake nimeuziba kwa udongo mwenyewe.

Baba yako akasema tusage tule. Hakusema kwa ubaya. Alitoka uani, akatazama juu, akasema mbingu ni kama bati, hii mbegu tukiimwaga chini tumewalisha ndege. Nami nikasema lile neno mnalonichekea: Mungu hasomwi angani. Alfajiri tatu nikapiga magoti pale kwenye jiwe la kusagia. Ya nne nikachukua jembe, nikaenda kupanda kavu, peke yangu, wewe ukiwa mgongoni. Hapo ndipo alipoanza kunyamaza.

Siku ya 18 ikanyesha. Usiku kucha. Asubuhi baba yako akasimama mlangoni, ananipa mgongo, akasema maneno mawili tu: "Lete jembe." Nilicheka mpaka wewe ukaanza kulia. Hata sasa nikilikumbuka lile "lete jembe" lake, nacheka peke yangu jikoni.

Dada yako tangu asome ananiambia bahari ya Pasifiki ilikuwa imeshaanza kupata joto miezi mingi kabla sijapiga goti, na ndiyo ile iliyoitwa El Niño. Namjibu: na aliyeitia moto ni nani? Tunacheka, yanaisha. Lakini usiku nalala nalo. Kwa sababu mwaka wa nyuma yake pia niliomba. Magoti yale yale, jiwe lile lile, na mbegu zilikuwa nyingi zaidi. Hiyo sehemu mchungaji haisimulii. Kama mvua ile ilikuwa jibu, jua la mwaka uliotangulia lilikuwa nini? Baba yako hakuwa mpumbavu, alikuwa ameshazika mbegu mara tatu. Na mvua yenyewe ilipoanza haikujua kuacha. Reli ya kati ikakatika, mito ikahama njia, tembe za watu zikaloa udongo wa juu mpaka zikashuka. Bado nasema Mungu hasomwi angani. Ila kuna siku nalisema kwa sauti kubwa kuliko ninavyoliamini.

Hapa nimemtuma mpwa wako dukani akanunue chumvi. Chumvi ipo. Naandika mwenyewe, utavumilia mwandiko.

Siku mbili kabla sijapanda, shangazi yako alikuja. Hakuomba kitu. Alikaa pale penye kinu, akauliza baba yako anarudi lini, akasema watoto wake wanaamka na tumbo. Bakuli alikuwa amelifunika kwa upindo wa khanga, nikaliona. Kibuyu kilikuwa nyuma yangu, nimekiegemea mgongo. Nikamwambia, "Wifi, hata sisi hatuna kitu." Akasema, "Mungu yupo, wifi," akainuka, akaenda. Na asubuhi ile ile mimi nilikuwa nimetoka kupiga magoti.

Hesabu nimeipiga sana, mwanangu. Kibaba kimoja kingepunguza mistari michache kule chini penye mbuyu, ambako hata hivyo panya walifukua. Nilimwamini Mungu kwa mvua ya nchi nzima, nikashindwa kumwamini kwa kibaba. Labda ni njaa tu. Nilikuwa nanyonyesha, mwenye njaa ana haki ya kuogopa. Najitetea hivyo, kisha nakumbuka bakuli.

Januari paa la tembe lake likaanguka, kwa mvua niliyoiomba mimi. Akahamia kwetu na watoto wanne mpaka mavuno. Shamba lile tulilipalilia wote wawili, bega kwa bega. Siku moja akaniuliza, "Mbegu mlipata wapi, wifi?" Nikamwambia mume wangu alihemea. Akasema, "Ee," akainama, akaendelea. Hakuniuliza tena mpaka alipokufa mwaka juzi. Mimi ndiye niliyemuuguza hospitali wiki mbili, namlisha uji kwa kijiko, na neno linafika shingoni linarudi.

Sasa, umeuliza utajuaje. Watu wanasema imani haitazami. Sijui. Eliya kule Karmeli aliinama mpaka uso ukawa katikati ya magoti, lakini alimtuma mtumishi wake akatazame baharini, mara saba. Kama macho hayana kazi, alimtuma wa nini? Kwa hiyo tazama, sikukatazi, tazama hata mara saba. Ila mimi nina swali jingine. Yule kijana anayekusaidia kuchomelea, umemlipa mwezi huu? Au umemwambia hakuna kitu, na ile akiba uliyoniambia habari zake wakati wa Pasaka bado ipo benki?

Usinijibu haraka. Sikushitaki, nakuuliza tu kama mtu aliyewahi kuegemea kibuyu.

Kuhusu kurudi au kubaki, nimeapa sisemi neno. Baba yako angesema funga, urudi, mwenye akili hulima anapoona tope. Mimi naona... hapana, nimesema sisemi. Umri wako nilikuwa na watoto watatu na hakuna aliyeniamulia. Ila ujue tu kwamba chumba chako nimekitia dari mwezi uliopita. Si kwa ajili yako, ni kwa sababu ya popo.

Barua naifunga mwenyewe kwenye bahasha, ataileta mtoto wa jirani anayekuja huko Jumamosi kwa treni ya umeme, pamoja na karanga kidogo na mlenda mkavu. Mpe mkeo mlenda, alisema anaupenda.

Ukishasoma nipigie simu, usiandike meseji. Anayenisomea ni mpwa wako, na yule ni mjukuu wa wifi yangu kwa upande wa baba yake, kama umesahau. Namwona anakuja na chumvi.

Mama yako