Fundi mzee na vijana wa mashine, nnavyowaendesha gereji kwangu

Kuna dada kaniandikia inbox, kaachiwa gereji na baba yake, anasema fundi mkuu ni mtu wa umri wa baba yake na hamsikilizi, vijana nao kutwa kwenye simu, afanyeje. Mdogo wangu, umefika kwa mwenyewe. Mimi nilianza nikiwa binti mdogo katikati ya wanaume, ile miaka ya mwanzo siisimulii, ilikuwa njaa tu.

Kwangu kuna mzee kakulia kwenye Land Cruiser za 1HZ, dizeli isiyo na kompyuta, anagusisha bisibisi kwenye injini anategesha sikio anakwambia beringi ipi imekufa. Afu kuna vijana waliotoka chuo cha ufundi VETA, hao bila mashine ya kupima hata boneti hawafungui. Watu walinambia mzee mwondoe kapitwa na wakati, na aliyesema kwa sauti kuliko wote ni kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe, leo ana gereji yake mtaa wa pili na wateja wangu kaondoka nao. Sawa, Mungu anaona.

Juzi ikaja Toyota IST inamisi, taa ya cheki injini inawaka. Kijana kachomeka mashine ikasoma P0302, yani silinda namba 2 haichomi, hapohapo anataka mteja anunue koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi. Mzee akasema tulia, toa koili ya namba 2 weka namba 3, ya 3 lete 2, washa, koili ikiwa mbovu kosa litahama nayo. Halikuhama. Wakachomoa plagi, kumbe kile kigae cheupe kina ufa. Mteja akalipia plagi, koili hakununua, na keshoyake kaleta gari la mkewe. Nilijisikia raha jamani, siwafichi.

Kwahiyo wapangeni wawili wawili, mzee na kijana gari moja, kadi ya kazi moja yenye majina yote mawili, na bonasi wagawane. Mzee mpe shikamoo yake kila asubuhi mbele za watu, ila nani anafanya gari gani unapanga wewe. Ukitaka kumkosoa mwite pembeni, sio mbele ya watoto, hata siku moja. Kijana mwambie palepale lakini mpe na sababu, hii ya "fanya kwasababu nimesema" hawana habari nayo. Simu nimewaachia, ndo wanamtafutia mzee michoro ya waya humo, ila ukiwa chini ya gari simu inakaa kaunta. Na heshima, heshima, heshima.

Afu tusidanganyane, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imekataza kumbagua mfanyakazi kwa umri, na likizo ya siku 28 kwa mwaka haichagui mzee wala kijana. Nyie mnaofukuza wazee ili mlipe deiwaka nusu ya hela, halafu Ijumaa na Jumapili mko safu ya mbele kwenye ibada, mjitafakari, mna wazazi nyumbani.

Dada, huyo fundi wako anza nae na kadi, gari lisiingie bila kadi. Akikataa kuandika usikimbilie kusema jeuri, wengi wao kuandika ndo kunawasumbua na hawatakwambia. Mpe kijana kalamu, mzee aseme, yeye aandike.