Wanaiona ngozi, hawayaoni macho

Mhariri, wiki hii umeuliza ikiwa jamii yetu imebadili mtazamo wake kwa watu wenye ulemavu unaoonekana. Mimi nina ualbino, nimezaliwa na kusoma Kanda ya Ziwa, na jibu langu ni kwamba imebadilika kwa kiasi, ila bado inaishia kwenye ngozi.

Mabadiliko yapo, na kuyakana ni dhuluma. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na mwaka huohuo wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany, mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Hata hivyo, imani kwamba viungo vyetu huleta utajiri haijafa: mwaka 2024 mtoto mdogo alinyakuliwa wilayani Muleba na kuuawa. Mzazi anayesikia habari kama hiyo humfungia mwanawe ndani, nami simlaumu.

Lakini anayenitazama huona weupe wa ngozi na nywele, akadhani ameuona ulemavu wangu wote, ilhali kinachonisumbua kila siku ni uoni hafifu, ambao huambatana na ualbino na ambao miwani haiumalizi. Mwalimu wangu mmoja alinihurumia kwa dhati, akaniondolea kazi zote za juani, jambo ninalomshukuru hadi leo kwa kuwa saratani ya ngozi hutuua wengi. Ila ubaoni aliendelea kuandika kwa herufi zilezile ndogo, na niliposogea mbele ili nisome niliambiwa nawaziba wenzangu. Baraza la Mitihani huwachapia watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa, lakini zitamfaa nini mtoto ambaye kwa miaka yote hakuweza kusoma ubaoni?

Ukubwani hali ni ileile. Mtaani nimeitwa mwenye maringo kwa kutomwamkia jirani aliyepita ng'ambo ya barabara, na kituoni humwomba mtu nisiyemjua anisomee daladala inayokuja inakwenda wapi.

Kwa hiyo anayetaka kunitendea haki na aniulize ninaona mpaka wapi. Akiwa mwalimu, na amketishe mtoto wetu mbele na kutamka kwa sauti kila anachoandika. Akiwa jirani, anaponisalimu kwa mbali na anitajie jina lake.